Usiku wa Kwanza Ndio wa Kuwahi

Kisasi cha vijana hakina subira. Mtu akichomwa kisu saa mbili usiku, ikifika saa tano wenzake wameshakubaliana nani afuatwe, wapi na kwa silaha gani. Nimeyajua haya kwa sababu ni fundi baiskeli Ngamiani, hapa Tanga, na kibanda changu kiko katikati ya maskani mbili ambazo zilikuwa haziivi. Wa huku na wa kule wote huja kwangu kuziba pancha, na fundi akishainama juu ya rimu watu huongea mbele yake bila kificho.

Bifu lao lilianzia kwenye ngoma ya baikoko, simu ikaporwa. Mwenye simu akapigwa, kaka yake akamvizia aliyempiga, na baada ya hapo habari ya simu ikasahaulika kabisa. Likaja la mtu kukatwa panga mkononi. Ikafika mahali kijana wa upande mmoja hathubutu kuvuka barabara alfajiri kwenda Soko la Mgandini kubeba mizigo, na riziki yake iko hukohuko.

Jioni moja akanijia kijana ninayemfahamu tangu akibebwa kwenye keria ya baiskeli ya baba yake.

"Shikamoo, fundi. Naomba spoki moja mbovu, na tupa uniazime kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Spoki ya nini?"

"Ya mishikaki."

Kweli watu huchomea mishikaki kwa spoki. Lakini mchoma mishikaki haji kuomba moja, huomba rundo zima, tena tupa haimhusu. Nikamvutia kigoda, nikamwambia akae. Akaeleza: rafiki yake kachomwa ubavuni usiku wa jana, kashonwa kichochoroni na mtu asiye daktari, maana hospitali wangeulizia PF3, na hiyo fomu hutolewa polisi. Polisi ndipo wasipotaka kufika.

Spoki sikumpa. Nilifunga kibanda tukaenda wote kwa mgonjwa. Nilichokikuta kule ndicho kilichobadilisha kila nilichofanya baadaye: chumba kimejaa vijana, wanaongea kwa sauti ya chini, na hakuna mtu mzima hata mmoja. Mama wa mgonjwa yuko nje kibarazani, analia. Wenyewe walimwacha nje wakiona wanamwondolea uchungu. Nikamwomba aingie. Akakaa kitandani, akamshika mwanawe mguu, akawaambia, "Wanangu, mimi sijamtuma mtu anilipie damu. Nataka huyu apone." Yule wa spoki akainamisha kichwa. Walikuwa wanajiandaa kwenda kuua kwa ajili ya mama huyu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza anataka nini.

Usiku uleule nilimpigia polisi kata, mtu muungwana, akasaidia PF3 ikapatikana, kijana akapelekwa hospitali ya Bombo.

Tangu hapo tumejipanga. Tuko mimi, akina mama wawili wa kikoba cha mtaa, imamu wa msikiti wetu, na bwana mmoja aliyewahi kuongoza maskani mojawapo kisha akafungwa gereza la Maweni. Huyu wa Maweni ndiye nguzo. Mimi nikisema "acheni" wananiheshimu tu. Yeye akisema, wanaamini, kwa sababu wanajua alikopita. Kazi yetu kubwa ni moja: mtu akiumizwa, tufike alipolala usiku huohuo. Mama mmoja anakwenda kwa majeruhi, mwingine kwa familia ya aliyeumiza, na bwana wetu anakaa na wale wenye hasira zaidi mpaka kunakucha. Anakunywa nao kahawa, anawasikiliza, hawaachi wakatawanyika. Siku mbili tatu zikipita bila mtu kufuatwa, hata sauti zao hushuka.

Binti mmoja wa mtaani kwetu anayesomea ustawi wa jamii aliniambia kuwa Chicago, Marekani, daktari aitwaye Gary Slutkin alianzisha mpango wa namna hii baada ya miaka ya kupambana na kifua kikuu na kipindupindu, ikiwemo kwenye kambi za wakimbizi Somalia. Aliona vurugu huambukizana, mmoja akiumizwa wengine hufuata, basi akatumia watu wa mitaa ileile, wengine waliowahi kuwa kwenye magenge, kukata mnyororo mapema. Akanieleza pia habari za Glasgow, Uskoti, ambako shida ilikuwa visu kama kwetu. Mwaka 2008 vijana wa magenge waliitwa mahakamani, si kwa kushtakiwa, bali wakae wasikilize, na kati ya waliozungumza alikuwamo mama ambaye mwanawe alikuwa ameumizwa. Nilipolisikia hilo nilikumbuka chumba kile.

Jambo moja tumelishikilia sana: sulhu si kuficha jinai. Ngumi na matusi tunayamaliza kibarazani, upande uliokosa unalipia matibabu, wazee wa pande zote wanapeana mikono. Aliyekatwa panga kesi yake ni ya polisi na mahakama, na sisi hatumwombi mtu aifute. Tunachoomba ni wenzake wakae nyumbani.

Bonanza za mtaa kwa mtaa, ambazo kila anayetaka amani huzikimbilia, mimi sizipendi. Unawavalisha jezi mbili watu ambao tayari ni pande mbili, kisha unampa mmoja kombe. Sisi ndondo yetu tunachanganya: golikipa wa huku, beki wa kule, na majina yanachaguliwa kwa kuokota vikaratasi.

Kwenye ajira ndiko tulikokwama zaidi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Lakini kikundi kinatakiwa kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti ya benki, na vijana wetu wengine hata kitambulisho cha taifa hawana. Kwa hiyo tumeanza na vitambulisho. Binti yule anawajazia fomu kibandani kwangu Jumamosi, na wawili wameshaanza kujifunza ufundi kwangu, mmoja kutoka kila maskani. Wanatumia sanduku moja la spana.

Sasa hivi tunachangishana nauli. Dereva mmoja wa bajaji amekubali kumbeba majeruhi saa yoyote bila kudai kwanza, sisi tunamlipa asubuhi. Sikukuu ya Idi inakaribia, ngoma zitakuwa nyingi, na tumekubaliana siku zile simu zetu hazizimwi.