Flashi yenye vyeti na kompyuta ya zamani

Wadau wa Dodoma, hili la kompyuta za steshenari linanikosesha raha. Juzi dada mmoja alinijia pale Majengo na flashi yenye vyeti vyake vya chuo. Mafaili yote yamegeuka shotikati, hakuna linalofunguka. Alikuwa ametoka kuprinti kwenye mashine yenye mfumo wa zamani wa Windows 7. Nashukuru kirusi kilikuwa kimevificha tu vyeti, tukavipata.

Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 14, 2020. Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025. Kompyuta inawaka vizuri kama jana, ndiyo maana watu hawashtuki, ila kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa kwenye mfumo linabaki wazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la Windows, kikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza mpaka wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Na dawa yake ilikuwa imetoka tangu Machi!

Wenye steshenari, ndugu zangu, watu wanawaachia vyeti na namba za NIDA. Mashine ikikubali, wekeni Windows 11. Ikigoma, kuna Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, nao ni bure. Antivairasi peke yake haizibi tundu la mfumo.