Nilivyomchukua mbwa mkubwa KSPCA

Betri ya gari ilipoibwa uani, kila mtu alinishauri ninunue mtoto wa mbwa wa Kijerumani. Nilipiga hesabu ya bei, nikapiga na ya chakula, nikaamua kwenda zangu KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama, pale Karen, Nairobi, kutafuta mbwa aliyekwisha kukua, koko wa kawaida tu. Chama hicho kilianza mwaka 1910, kwa hiyo wenye mbwa wa kila aina wameshawaona.

Nilidhani nitachagua, nilipe, niondoke. Kumbe wa kuchunguzwa ni mimi. Nyumba ni yako au umepanga? Ua umeziba? Mchana atashinda na nani? Utamfunga mnyororo? Halafu mtu wao akaja hadi Rongai kujionea, akanionyesha upenyo chini ya geti ambao sikuwahi hata kuufikiria. Niliuziba kwa bati siku hiyo hiyo. Wapo wanaoudhika na maswali hayo. Mimi naona wana haki, maana mbwa wa pale ameshatupwa mara moja.

Jike niliyempata alikuwa ameshafungwa kizazi na kuchanjwa. Hapo niliokoa pesa nyingi. Kilichobaki kwangu ni chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na dawa ya kupe, ambao huku kwetu hawana msimu.

Kazi ilianza nyumbani. Nikiinama kufunga kamba za kiatu, mbwa anatoka mbio na kujibanza chini ya gari. Nilishangaa sana, mpaka nikakumbuka kwamba mitaani mtu akiinama mbele ya mbwa, anaokota jiwe. Kumbembeleza hakukusaidia kitu. Nikawa nakaa kwenye kigoda, nimempa mgongo, nadondosha vipande vya ini bila kumtazama. Mwanzoni alisubiri niingie ndani ndipo ale. Baadaye akala nikiwa pale pale, shingo ameinyoosha, miguu ya nyuma bado imejiandaa kukimbia. Ndipo nikaanza kuinama kidogo kidogo, na kila nikiinama kipande kinaanguka. Watoto niliwapiga marufuku kumfuata chini ya gari, kwani mbwa mwenye hofu akibanwa huuma, awe mpole namna gani.

Chakula nacho kilinipa somo. Nilikuwa nimepanga kumpa makombo yetu, daktari wa mifugo akakataa. Sufuria gani hapa Kenya haianzi na kitunguu? Na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa hiyo anapikiwa chake: ugali laini na matumbo, siku nyingine omena, bila kitunguu wala chumvi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha.

Na ulinzi je? Jirani alipomwona mara ya kwanza alicheka: “Sasa Baba, huyu atamkamata nani?” Kweli, hajamkamata mtu, na kijana wa maji akija na mkokoteni wake, mbwa bado anamkimbia. Ila usiku mtu akigusa tu komeo la geti, hubweka mpaka taa za ploti nzima ziwake. Askari wa jirani analalamika kwamba siku hizi hapati usingizi.