Nilivyotafuta hitilafu ya chaji na stata katika Hilux yangu ya mwaka 1995

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli yenye injini ya aina iitwayo 3L, nami huitumia kusomba viazi na mbolea kati ya shamba langu na mji wa Makambako. Mwezi Juni, baridi ilipokaza, ilianza kukataa kuwaka asubuhi. Nilipozungusha ufunguo, taa za dashibodi zilififia, stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, ikajikokota mizunguko miwili mitatu, kisha ikanyamaza. Fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, betri imekufa hiyo," nami nikanunua mpya na kuiuza ya zamani kwa bei ya chuma chakavu. Baada ya wiki tatu tukawa tunaisukuma gari tena. Fundi wa pili alipotaka ninunue alteneta (kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri injini ikizunguka) ya mtumba, nilikataa kutoa hata shilingi moja kabla ya kujua kwa hakika kilichoharibika.

Nikaazima mita ya umeme kwa kijana anayefunga sola kijijini. Jioni, gari ikiwa imelala bila kuwashwa kwa saa kadhaa, betri ilisoma volti 12.1, wakati betri ya asidi iliyojaa husoma takribani 12.6. Betri mpya ilikuwa na njaa, basi. Tukaisukuma gari ikawaka, nikawasha taa kubwa na feni ya ndani ili umeme utumike kweli, nikapima tena kwenye vichwa vya betri: 13.4. Kwa gari la volti 12, chaji nzuri huwa kati ya 13.8 na 14.4, kwa hiyo hapo ningeweza kuilaumu alteneta kama alivyofanya fundi. Lakini nilipoweka ncha moja ya mita kwenye bolti kubwa ya nyuma ya alteneta na nyingine kwenye mwili wake, nilisoma 14.2. Alteneta ilikuwa inazalisha umeme wa kutosha, ila sehemu yake ilikuwa inapotelea njiani kabla ya kufika kwenye betri. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuonyesha lolote, kwa sababu taa ile huangalia kama alteneta inazalisha, haiangalii kinachoifikia betri.

Kipimo kilichonifungua macho ni kile cha kupima waya wakati umeme mwingi unapita ndani yake. Waya uliooza unaweza kusoma volti kamili gari ikiwa imezimwa, kwa kuwa hapo hakuna mzigo. Udhaifu wake hujitokeza stata inapovuta umeme kwa nguvu. Kwanza nilitenganisha waya wa swichi ya kuzimia dizeli kwenye pampu ili injini izunguke bila kuwaka, kisha nikamwomba mwanangu apige stata kwa sekunde chache. Kutoka kichwa chanya cha betri hadi bolti ya stata zilipotea volti 0.2 tu, kiasi kisichodhuru. Kutoka kichwa hasi hadi chuma cha injini zilipotea 3.1. Upande huo haupaswi kuzidi nusu volti. Betri yenyewe ilikuwa imeshuka hadi 11.2, kwa hiyo stata ilikuwa inafanya kazi kwa volti zisizofika 8.

"Baba, waya wenyewe mbona mzima?" mwanangu aliuliza, na kwa nje ulikuwa mzima kweli. Nilifungua bolti inayoushikilia kwenye injini nikakuta unga wa kijani chini ya kichwa chake cha shaba, na nilipochana mpira kidogo, nyuzi za ndani zilikuwa nyeusi na nyingi zimekatika. Waya huo mmoja ndio uliokuwa ukidhoofisha stata na kuinyima betri chaji, kwa sababu umeme wa stata na wa alteneta hupita humo humo. Niliweka waya mpya mnene, nikakwangua chuma cha injini kwa msasa mpaka king'ae, nikapaka grisi baada ya kukaza. Upotevu ukashuka hadi 0.2, na chaji kwenye betri, taa zikiwa zimewaka, ikafika 14.0.

Siku chache baadaye likatokea jingine: stata inalia "ka!" mara moja bila kuzunguka, na taa hazififii hata kidogo. Taa zisipofifia, maana yake stata haivuti umeme. Nilipima waya mdogo wa kuiamsha nikapata karibu 12 wakati ufunguo umezungushwa, kwa hiyo swichi ilikuwa sawa. Kwenye stata za aina hii, vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, swichi ya sumaku inayoipa stata umeme wa betri, huliwa kidogo kidogo kila unapowasha gari. Nilipoifungua, kimoja kilikuwa kimechimbika upande mmoja kama mwezi mwandamo, hata kile kisahani cha kuunganisha hakikigusi tena. Nilibadilisha vyote viwili kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ile ya stata nzima.

Alteneta sikuigusa, nami nilifurahi kwa sababu nyingine pia: kwenye injini hizi pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma yake, na kuibadilisha bila sababu kungenilazimu kuhangaika na breki zilizokuwa nzima. Ninachojutia ni betri ile ya kwanza, ambayo sikuipima hata mara moja kabla ya kuiuza.