Siku Mji Ulipopiga Kura ya Upepo

Mwezi Machi 2013 nilikuwa naishi kwa bibi mmoja mjane, magharibi mwa jimbo la Maine, Marekani. Kazi yangu ilikuwa kumhudumia: dawa zake, chakula, kuni za jiko, kumpeleka hospitali theluji ikiruhusu. Nilimwita Mama, maana kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake ulimi wangu ulikataa kabisa, naye hakulalamika. Nyuma ya nyumba yake ulipita mgongo mrefu wa mlima, na juu ya mgongo huo kampuni moja ilitaka kusimika mitambo ya umeme wa upepo, kila mmoja ukipita futi 400 kwenda juu.

Mji ulikuwa umegawanyika vibaya. Mbele ya nyumba kulikuwa na vibao, vya kukubali na vya kukataa, na nilishajifunza ni duka gani Mama hakanyagi tena kwa sababu ya kibao kilicho dirishani. Baraza la mji lilikuwa limeweka zuio la muda, maana sheria za Maine huruhusu mji kusimamisha ujenzi wa aina fulani kwa siku 180 na hata kuongeza, wakati unatunga kanuni zake. Siku hizo zilikuwa zinayoyoma. Bodi ya mipango ilikuwa imeshaandika sheria ndogo ya kudhibiti mitambo, na sasa ilibidi wananchi wenyewe waipitishe au waitupe kwenye mkutano mkuu wa mwaka.

Mama alisema lazima aende, hata kama nitambeba mgongoni. Sikumbeba, lakini barabara ilikuwa tope tupu juu na barafu chini, na gari liliteleza mara mbili kabla hatujafika shuleni.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Mlangoni karani wa mji alikuwa na daftari la wapiga kura. Ukionekana humo unapewa kadi ya rangi ya chungwa. Mimi sikuwa raia, kwa hiyo nilielekezwa kwenye safu ya viti pembeni, chini ya goli la mpira wa kikapu, pamoja na mwandishi wa gazeti, wenye nyumba za mapumziko walioandikishwa kupiga kura majimbo mengine, na wanaume wawili waliovaa makoti masafi mno kwa tope la siku ile. Hao walikuwa watu wa kampuni.

Niseme ukweli, nilijisikia nyumbani. Mimi ni Mtanzania, nimekulia kijijini, na mkutano mkuu wa kijiji naujua. Watu wazima wote wana haki ya kuingia, mambo ya ardhi yanaletwa mbele yao, kuna mzee anayesinzia, kuna mama anayejua kila kifungu kuliko mwenyekiti. Nilikuwa nimefikiri Wamarekani huamuliwa mambo yao na watu wenye tai walio mbali. Kumbe hawa walianza kwa kumchagua mwendesha mkutano kwa kura za karatasi, akala kiapo hapo hapo, ndipo wakafungua kitabu cha mji, chenye orodha ya mambo ya kuamuliwa, na kuanza kifungu baada ya kifungu.

Kifungu cha mitambo kilipofika, ukumbi ulinyamaza. Mwendesha mkutano alieleza kwamba sheria ndogo haifanyiwi marekebisho pale ukumbini: ni ndiyo au hapana, kama ilivyoandikwa. Kisha akasoma yale makuu. Mtambo usikae chini ya futi 4,000, yaani kama kilomita moja na robo, kutoka nyumba ya mtu ambaye hajakubali kwa maandishi. Usiku, kelele inayofika kwenye nyumba isizidi desibeli 35. Na kabla ya jiwe la kwanza kulipuliwa, kampuni iweke fedha za kutosha kung'oa kila kitu mwisho wa safari.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi, na si kila aliyekuwa ukumbini alikielewa. Mwaka 2008 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuharakisha vibali vya umeme wa upepo, Gavana John Baldacci akaitia sahihi. Lengo lilikuwa megawati 2,000 ifikapo 2015 na 3,000 ifikapo 2020. Sehemu kubwa ya jimbo ikatangazwa kuwa eneo la vibali vya haraka, na mlima wetu ukiwemo. Kuhusu kelele, jimbo lilikuwa na kipimo chake, desibeli 45 usiku, nacho kikashushwa hadi 42 baada ya malalamiko ya miaka kadhaa. Mtu anaweza kusema, 42 na 35 zina tofauti gani? Lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Ongezeko la 10 sikio hulisikia kama sauti imekuwa maradufu, na kijiji ambacho usiku wake wa baridi hauna hata mbwa anayebweka, saba zile si kidogo. Watu wa kampuni walijua hivyo vizuri. Ukichora duara la futi 4,000 kuzunguka kila nyumba iliyo chini ya mlima ule, karibu hakuna pa kusimika mtambo. Sheria haikusema "hatutaki." Ilisema namba, na namba zikasema.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa mwalimu mstaafu. Alitaja Mars Hill, kaskazini ya jimbo, ambako mitambo 28 ilianza kazi mwaka 2007 na majirani wakaanza kulalamikia kelele ambayo waliahidiwa hawataisikia. Kisha akataja kisiwa cha Vinalhaven. Hapo nilitega sikio, kwa sababu mfano ule una makali pande zote mbili. Visiwani kule wananchi wenyewe, kupitia ushirika wao wa umeme, waliukubali mradi kwa wingi mkubwa wa kura. Mitambo mitatu ikawashwa mwishoni mwa 2009, ikiwa mali yao. Na bado waliokaa karibu walikosa usingizi, wakaingia kwenye mvutano mrefu na jirani zao wenyewe. Mwalimu alisema: kama waliokuwa wamiliki wamegombana, sisi tusio na hisa hata moja tutakuwaje? Mtu wa nyuma akajibu kwa sauti kwamba huko angalau bei ya umeme ilihusika, hapa kwetu umeme wote utakwenda Boston. Watu walimpigia makofi, ingawa kwa jinsi gridi ya New England, yaani mtandao wa umeme wa majimbo ya kona hii ya kaskazini-mashariki, ilivyounganishwa, hakuna anayeweza kusema umeme gani umekwenda wapi. Mikataba ndiyo ilikuwa inauzwa kusini, hilo kweli.

Kulikuwa pia na hoja mbovu, na nyingi zilitoka upande ambao Mama alikuwa anauunga mkono, ule wa kupinga mitambo. Mmoja alidai mitambo itakausha visima. Mwingine alisoma orodha ya magonjwa ndefu kiasi kwamba nilianza kujipima mwenyewe. Mama aliguna.

Mmoja wa wale wenye makoti masafi, mhandisi, akaomba kujibu. Kwa kuwa hakuwa mpiga kura, wananchi walipaswa kwanza kumruhusu. Sauti zikapanda: "Hapana!" Mwendesha mkutano akaomba kadi. Mama alikuwa wa kwanza kuinua yake, juu kabisa, na jirani yake aliyevaa beji ya kupinga mradi akamgeukia kwa mshangao.

"Nimekuja na kiti changu kigumu na mgongo mbovu," Mama akasema, wala hakupunguza sauti. "Nataka anidanganye ana kwa ana."

Watu walicheka, kadi zikainuka, mhandisi akapewa kipaza sauti. Kusema haki, hakudanganya sana. Alieleza manufaa ambayo sheria ya jimbo inaulazimu mradi kuyatoa kwa mji, si chini ya dola 4,000 kwa kila mtambo kwa mwaka, ukiacha kodi ya mali. Alieleza taa nyekundu za juu, kwamba si matakwa ya kampuni bali kanuni za usalama wa ndege. Alikuwa na adabu na hakuharakisha. Kama angeishia hapo, nadhani angeondoka na kura.

Lakini akainuka mkata magogo mmoja, mtu mnene mwenye vidole viwili vilivyokatika, akauliza kuhusu fedha za kung'oa mitambo. Mhandisi akasema mji usihofu: mtambo ni tani nyingi za chuma na shaba, na thamani ya chuma chakavu itagharimia sehemu kubwa ya kazi ya kuuondoa.

Yule bwana alikaa kimya kidogo, akijikuna kidevu. "Mimi msituni kwangu nina mashine tatu zilizokufa," alisema. "Kwa hesabu yako mimi ni tajiri. Njoo kesho na kreni yako, chuma chukua, chenji niachie."

Kicheko kilichofuata kiliendelea hadi mwendesha mkutano akagonga meza. Na mimi, niliyekaa chini ya goli nikiziona nyuso zao kwa upande, niliona hapo ndipo mhandisi alipowapoteza. Waliokuwa ukumbini walikuwa watu wa mashine. Desibeli wangeweza kubishana nazo mpaka asubuhi, lakini kila mmoja wao alijua gharama ya kuleta kreni juu ya mlima usio na barabara.

Msemaji niliyemkumbuka zaidi, hata hivyo, hakuwa huyo. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye sehemu ya mgongo ule wa mlima, aliyekuwa ameshasaini mkataba wa kukodisha. Alizungumza akiwa amesimama pale pale kwenye kiti chake, kofia mkononi.

"Kila mtu hapa leo anapenda mandhari," alisema. "Mandhari yenyewe ni ardhi yangu. Kodi yake nailipa mimi kila mwaka, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniletea mchango wa kuitazama."

Hakuna aliyepiga makofi, wa upande wake wala wa upande wa pili. Nilimtazama Mama, alikuwa anatazama kadi yake. Mume wake na baba wa yule bwana walikata miti pamoja kwenye mlima huo huo, hilo alishanisimulia. Mimi nisingekuwa na la kumjibu yule mfugaji, na sidhani yupo aliyekuwa nalo. Ardhi ni yake, kelele ni ya jirani, na pale katikati ndipo sheria ndogo ilipokuwa inajaribu kukaa.

Kura zilipigwa kwa karatasi, kwenye sanduku la mbao lililokwaruzika, foleni ikizunguka ukumbi mzima. Wanafunzi waliokuwa wakichangisha pesa za safari yao waliuza kahawa na biskuti kwa pande zote mbili. Sheria ilipita. Tofauti haikufika kura thelathini. Wachache walishangilia, wengi waliinuka wakatafuta makoti yao, na wale waliobaki wakapitisha bajeti ya chumvi na mchanga wa barabara, fedha nyingi kuliko zote za siku ile, bila swali hata moja.

Kampuni haikwenda mahakamani, iliondoka tu. Maine ina eneo kubwa la misitu lisilo na mji wala serikali ya mtaa, ambako vibali hutolewa na jimbo lenyewe, na makampuni mengi yalishaona kwamba huko ni rahisi zaidi. Kibby Mountain, karibu na mpaka wa Kanada, mitambo 44 ilikuwa imeshasimama tangu 2010. Wanaopinga mitambo hawapendi kulizungumzia hili: ukiizuia kwa sheria ya mji, upepo unafuatwa pasipo na mji, na mlima wa huko hauna mkutano wa kuusemea.

Kesho yake asubuhi Mama aliniambia nimpeleke kwa mfugaji akanunue shira ya mti wa mepo (maple), yaani utomvu wake mtamu uliochemshwa, ilikuwa msimu wake. Kabatini tulikuwa na chupa mbili ambazo hazijafunguliwa. Yule bwana alitoka, akatuletea chupa hadi kwenye gari, akapokea pesa, akarudisha chenji kamili. Mama alimuuliza hali ya mke wake, akasema hajambo. Hakutukaribisha ndani.

Aliuza ng'ombe mwaka uliofuata. Hakusema kwamba ni kwa ajili ya kura ile, na bei ya maziwa ilikuwa inawaumiza wafugaji wadogo wote wa kule. Mama aliendelea kununua shira kwake mpaka nilipohama, na kabati likajaa.