Chumvi ya Kwendea Masaka

Katikati ya 1979, Amin ameshakimbia na Kampala imekombolewa tangu Aprili 11, ungeweza kuzunguka soko la Owino asubuhi nzima usipate mkungu wa matoke. Na huko Masaka ndizi zinaivia mgombani! Malori mengi yalikuwa yameporwa au yamelala bila spea, na mkulima hakuwa na haja na noti zenye sura ya Amin. Alitaka chumvi na sabuni.

Mimi nilikuwa taniboi wa mzee mmoja, jirani yetu kwenye nyumba za reli Nsambya. Alikuwa amepata magunia ya chumvi kupitia Malaba, mpakani na Kenya, kwa njia gani sikuuliza.

Lukaya, barabara inapokatiza kinamasi cha mafunjo, mabaki ya magari yaliyoungua katika vita vya Machi yalikuwa bado kando. Kizuizini, askari wa Kitanzania alichovya kidole guniani, akaonja.

“Ni chumvi kweli. Piteni, ndugu zangu, ila msitoke kwenye lami.”

Masaka mjini hatukusimama. Palikuwa vifusi vitupu.

Kijijini ndipo kazi ilipoanza. Mama mmoja aliikataa kopo yetu, akaleta bilauri yake. Mzee anajaza, mama anaigonga kwenye kisiki, chumvi inashuka, anaisogeza tena ijazwe. Anagonga tena. Mzee Kiganda chake kilikuwa cha kubabaisha, mkalimani ni mimi.

“Mwambie atanifilisi.”

“Mwambie,” akajibu mama, “wanangu wanakula mboga chukuchuku tangu vita vianze. Ajaze.”

Alijaza. Na kusema kweli, mikungu aliyotupa ilikuwa minene, ya kubebwa na watu wawili. Tuliipanga tukiitenga kwa majani ya mgomba, maana toke lililobonyea huwa jeusi kabla halijafika sokoni.

Owino walitupokea kwa kupigana vikumbo, turubai haijafunguliwa. Mzee hakuuza yote. Mikungu mizuri aliibadilisha kwa petroli, ambayo kwenye pampu haikuwapo.

Usiku nikachukua kipande cha sabuni nifue shati lililogandamana kwa utomvu. Mzee akakinyakua.

“Unafua? Hicho ni mkungu mzima! Lala, alfajiri tunakwenda Malaba.”