Boma linalosubiri bati

Shule shikizi niliyoitembelea leo haina hata kibao cha jina. Ukiiacha reli ya kwenda Mpanda, huku Tabora, bodaboda inaingia miomboni, inapita mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia, mpaka unatokea kwenye uwanja uliofagiliwa vizuri. Hapo kuna banda la miti lililoezekwa nyasi. Pembeni yake limesimama boma, kuta tupu zisizo na paa, la matofali ya kuchoma, vyumba viwili, limefika kwenye lenta. Ndani magugu yanafika kiunoni.

Shikizi ni tawi la shule ya msingi iliyo mbali. Watoto wanasoma hapa hadi darasa la pili, kisha wakishapata miguu ya kutembea wanahamia shule mama, iliyo ng'ambo ya mto. Masika mto ukijaa, havuki mtu. Kabla ya tawi hili, wazazi wameniambia, kuna watoto walioanza la kwanza wakiwa na miaka kumi, na wengine hawakuanza kabisa.

Nimekuta kipindi cha kuhesabu. Mwalimu ni kijana wa kidato cha nne anayejitolea. Wazazi wanamchangia mahindi, na pesa kidogo tumbaku ikishauzwa. Watoto wamekaa kwenye magogo yaliyochongwa upande mmoja, daftari mapajani. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichosuguliwa unga mweusi wa betri za tochi. Msichana wa mbele alipewa 15 toa 7. Akapanga vizibo vya soda mchangani, akaondoa kimoja kimoja, akaandika 8. Hakunyoosha mkono. Alivirudisha vyote, akahesabu upya, akapata 8 tena, ndipo akanyoosha. Mwenzake alipokwama, mwalimu alichuchumaa akamweleza kwa Kisukuma, halafu akarudia kwa Kiswahili darasa zima lisikie. Huyu kijana anajua kufundisha, na inaniuma kwamba hana hakika ya kula yake ya mwezi ujao.

Baada ya kipindi nilimwamkia mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda naye bomani. "Sisi sehemu yetu tumemaliza, mwanangu," aliniambia. Kila kaya ilileta matofali, kina mama wakasomba maji, vijana wakachimba msingi. Utaratibu ndio huo nchi nzima: wananchi wanapandisha kuta, serikali inamalizia paa, sakafu na madirisha. Na serikali ikiamua, inaweza. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Zamu ya kitongoji hiki haikufika.

Michango ya lazima ilifutwa tangu 2016, na hilo ni jambo kubwa sana kwa familia za huku. Lakini ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni ni ya chaki na karatasi za mitihani. Haiezeki darasa.

Sikupiga picha ya watoto. Ingeonyesha banda na miguu yenye vumbi, na mtu wa mbali angeona watu wanaongoja kusaidiwa. Hawa wamejenga. Safu za juu za matofali zimeunganishwa kwa udongo, si saruji, na kila mvua zinalegea. Wamekwisha kuzipanga upya, na hakuna aliyelipwa hata shilingi.

Mwenyekiti amenisomea mahitaji nami nimeyanakili: bati za geji 28, mbao za kenchi, misumari, saruji ya sakafu. Ombi lao lilishapelekwa wilayani. Kesho nina nafasi kabla ya treni, nitapita pale niulize limefikia meza ya nani. Mvua za huku zinaanza Novemba.