Tandiko la farasi mpana

Leo hapa Karen, Nairobi, tumempima tandiko farasi mmoja mnene, mgongo bapa kama meza.

Lilikaa juu juu, mbele limeinuka, mpandaji anateleza nyuma. Wengi hapo hukaza mshipi wa tumbo. Hapana jamani! Fremu, yaani kiunzi cha ndani ya tandiko, ni nyembamba, ukikaza unazidi kumbana.

Liweke bila kitambaa, nyuma ya mfupa wa bega, lisipite ubavu wa mwisho. Mfereji wa katikati chini ya tandiko, juu ya uti wa mgongo, uwe na upana wa vidole 3 au 4, mbele hadi nyuma.

Akishatoka jasho, livue uangalie. Huyu alilowa mgongo mzima, ila nyuma ya kila bega palibaki pakavu, ukubwa wa kiganja.

Hapo ndipo panapombana. Inauma kuona.

Wafugaji wa Nairobi, fremu pana zenye upinde wa duara mnapata wapi?